Mwezi Umeandama

Mlinzi alituambia kupitia tundu la geti,
mswaki bado mdomoni:
"Mwezi umeandama jana, mama zangu. Leo Idi.
Ofisi kesho."

Tulitoka Ngudu kabla ya jogoo,
mimi na wifi yangu Nkwimba,
na bahasha ya kaki: cheti cha kifo cha Maduhu,
mume wangu, kaka yake,
barua tatu za mihuri, na picha zangu nne ndogo
nimekunja uso kama mdaiwa.

Miaka kumi na tisa
hatukuwahi kuwa wawili tu.
Figa la tatu lilikuwa yeye.
Mawili, chungu utakitegaje?

"Sasa?" nikasema.
Nkwimba alikung'uta vumbi kwenye viatu vyake vya msibani.
"Nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na gesti.
Na mimi mji huu sijaujua, nimejua wodi."

Basi tukaenda kuutazama.

Mawe yamebebana mgongoni kama watoto wa kambo,
na juu ya mawe nyumba, na juu ya nyumba mabati,
na juu ya mabati mawe tena, yasipeperuke.
"Saruji ile nani aliipandisha?"
Mjusi wa kichwa chekundu alituangalia,
akapiga pushapu tatu, akaondoka.

Kwenye jengo la vioo tulikuta ngazi inayotembea.
Nkwimba aliitazama kama mto uliofurika,
akaacha kidato kipite, na kingine, na kingine.
"Hii haiishi?"
Mtoto mmoja, kanzu mpya, bei bado inaning'inia,
akamshika kidole: "Bibi, moja, mbili, kanyaga."
Akakanyaga.
Huko juu hakukuwa na kitu anachokitaka.
Akashuka. Akapanda tena.
Mara ya nne sikumsubiri chini,
nilikuwa nyuma yake, nimeng'ang'ania pindo la khanga yake
nikisema taratibu, Nkwimba, taratibu.

Boti ya Saanane ilijaa manukato na pipi.
Simba alikuwa amelala, ametupa mgongo.
Watoto wakampigia makofi, wakamwimbia,
hakugeuza hata sikio.
"Tumelipia mgongo," nikanong'ona.
Nkwimba akainamisha kichwa, akapima:
"Maduhu ndivyo alivyokuwa analala."

Kicheko kilinitoka puani kama maji yaliyopalia.
Nikaziba mdomo. Hata miezi mitatu haijatimia.
Kisha nikamwona mabega yanamtikisika, hana sauti,
amejishika wavu wa simba asianguke,
na askari wa hifadhi anamwambia mama, hairuhusiwi.

Jioni, mbele ya lile jiwe lililosimama juu ya mawe mengine
bila mtu kujua linangoja nini,
kijana wa kamera alituweka tayari.
Akafumba jicho. Akalifumbua.
"Sogeleaneni, mama. Mmeacha nafasi ya mtu."

Hatukusogea.
Alipiga hivyohivyo. Elfu mbili.

Usiku tuliagiza sato mmoja wa kukaanga, ugali, pilipili.
Meza ilikuwa na maji, tukatandika bahasha.
Nyumbani kichwa cha samaki kilikuwa na mwenyewe.
Tulikizunguka, tukala mkia, tukala ubavu,
tukanawa, tukanawa tena.
Halafu Nkwimba akakivunja kwa mikono miwili, kha!
nusu akaniwekea mimi.

Asubuhi karani aliinua cheti kwenye mwanga.
Doa la mafuta, duara, juu kidogo ya jina lake,
karatasi hapo imekuwa dirisha:
unaona vidole vya karani ng'ambo ya pili.
"Mama, hii ni nini?"

Nilianza kutafuta uongo wa heshima.
Nkwimba akaniwahi.

"Sato," akasema. "Tulikuwa na njaa."